Nilivyomnyanyua Mama Mkwe kwa Jeki Nyekundu

Mimi shule niliisikia kengele yake tu, nikiwa ng'ambo na ng'ombe wa baba, kwa hiyo msiniulize mwaka. Ninachojua vita vilikuwa vimekwisha, sabuni dukani hakuna, sukari hakuna, na mtu mwenye kiberiti anatembea kama mkuu wa wilaya. Ndiyo miaka niliyokuwa dereva wa vani pale Kahama. Vani yenyewe zamani ilikuwa nyeupe. Mimi nakabidhiwa, tayari ilikuwa na rangi ya barabara, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya katani, na ukipiga honi taa zinawaka.

Mwenye gari alikuwa Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri. Mimi namwita bosi, yeye ananiita dereva, na tulielewana vizuri kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake ni mwongo.

Sasa, mimi nilikuwa nimechumbia. Binti wa huko vijiji vya Segese, mzuri, akicheka hata mbuzi wanaacha kula. Ng'ombe walishakwenda ukweni, wakapokelewa, wakachanganyika na wenzao. Kilichobaki ni neno la baba mkwe tu, na baba mkwe alikuwa na donda moja moyoni: hapendi madereva.

"Dereva ni mtu wa njiani," anasema. "Leo yuko hapa, kesho Chato, keshokutwa haijulikani. Mwanangu atakuwa ameolewa na vumbi."

Siku moja akaniita. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mjini Kahama, alikuwa amejifungua. Mama alitakiwa akamwogeshe mtoto, na basi halijaonekana wiki nzima kwa sababu ya mafuta. Mzee akaniambia, hata kiti hajanipa:

"Keshokutwa utakuja na hilo gari lako umchukue mama umpeleke. Ukimfikisha salama, tena kwa heshima, binti utamchukua. Ukiniletea aibu, ng'ombe nakurudishia mmoja mmoja, na nitaanza na yule mwenye pembe iliyovunjika."

Nilishtuka. Si kwa ng'ombe. Ni hilo neno "kwa heshima." Kama wewe ni mtu wa pwani hutaelewa, acha nikueleze. Kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaongei. Mkikutana kwenye kinjia, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mimi nilishawahi kukaa kichakani mpaka siafu wakanizoea, kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama njiani anaongea na jirani kuhusu viazi. Sasa huyo ndiyo nimpakie kwenye vani!

Nikarudi Kahama mbio. Nikakagua gari. Tairi nne, mbili zinaelekea kufa. Tairi la akiba lipo. Jeki hakuna. Wachimba dhahabu niliowabeba mwezi uliopita walikuwa wameondoka nayo, nikaja kusikia wameisimamisha shimoni kushikilia mwamba. Mungu awasaidie, maana ile jeki hata kikapu cha nyanya ilikuwa inaogopa.

Nikaenda dukani. "Bosi, kwa safari hii jeki lazima."

"Safari gani?"

"Nambeba mama mkwe."

Bosi akaweka kalamu chini. Alikuwa amekaa nchi hii miaka mingi, mambo ya ukweni anayajua kuliko mimi. "Dereva," akasema, "wewe umechanganyikiwa. Haya, ziko mbili tu. Chagua. Lakini chagua vizuri, gari langu na jeki yangu."

Akazitoa. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, fupi, nene, ina skrubu katikati kama shingo ya kobe. Unaingiza chuma, unazungusha, unazungusha, unazungusha, unakwenda kunywa maji, unarudi unazungusha. Imejaa kutu, na kitako chake kipana kama sufuria ya msiba. Ya pili, jamani! Nyekundu. Inang'aa mpaka nikajiona meno. Ya mafuta hiyo, ile unayopiga pampu kwa mkono, tyu, tyu, tyu, na gari linapanda lenyewe.

"Chukua hii nyeusi," bosi akasema.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwa sababu mimi nilijua ile nyeusi imekaa pale dukani tangu enzi za Mwingereza, hakuna anayeitaka. Nikasema moyoni, huyu anataka kuondoa takataka yake kwangu.

"Hii nyekundu inabeba kiasi gani?"

Akasoma ubavuni. "Tani tatu."

"Na hiyo nyeusi?"

"Haikuandikwa."

"Ee! Umeona? Hata wenyewe walioitengeneza hawaiamini."

"Dereva, ile nyekundu nimeletewa na mtu. Sijui imetoka wapi."

"Tuijaribu."

Nikaiingiza chini ya kaunta ya duka, ile ya mbao ya mninga, juu ina mizani, misumari, na mke wa bosi ameegemea anahesabu boliti. Nikapiga pampu kwa kidole kimoja. Wallahi kidole kimoja. Kaunta ikapanda, mizani ikapanda, mama wa watu akapanda mkono mmoja, boliti zikaanza kumwagika upande wa pili kama mvua ya mawe. Akapiga kelele kwa Kigujarati, mambo ambayo mpaka leo sijatafsiriwa na sitaki. Bosi akaruka, "Shusha! Shusha!" Nikashusha haraka haraka.

Na hapo, ndugu yangu, ndipo kosa lilipolala. Nilipima inavyopanda. Sikupima inavyokaa. Jeki yoyote inapanda. Hata mimi napanda. Lakini kukaa juu na mzigo, umetulia, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ningeiacha pale juu nusu saa ningejua. Lakini yule mama alikuwa anatafuta kitu cha kunipiga.

Nikaondoka na nyekundu. Nikaiweka kiti cha mbele kabisa, karibu na kioo, ili ukweni waione.

Na waliiona. Baba mkwe alizunguka gari mara mbili, akasimama mbele ya jeki. "Na hiki chekundu?"

"Kinanyanyua gari, baba. Kwa kidole kimoja."

"Kikishanyanyua, nani analishusha?"

"Linashuka lenyewe, baba."

Akaguna. Mimi nikafikiri ameguna kwa kupendezwa.

Mpango ulikuwa mzuri. Shangazi wa binti, mama mwembamba, angekaa mbele nami. Mama mkwe akae nyuma, katikati tumetundika blanketi. Kukiwa na neno, mama anamwambia shangazi, shangazi ananiambia mimi. Nikawasha injini. Shangazi akanusa petroli, akatoka na kutapika, na gari halijasogea hata hatua moja. Akasema haendi, heri afe kwa miguu.

Watu wakaangaliana. Mtoto mchanga anasubiri Kahama. Baba mkwe akakuna kidevu. "Nendeni," akasema. "Njia yenyewe fupi. Hakuna la kuongea."

Basi tukaenda. Mimi mbele, mikono inatoka jasho kama nimeiba. Nyuma ya blanketi mama mkwe, gunia la karanga, na jogoo mmoja wa supu ya mzazi. Mama mwenyewe, nisiseme vibaya, alikuwa amejaaliwa. Akipiga jembe, shamba la jirani linapasuka. Alipopanda gari, upande wa nyuma ulikaa chini na taa za mbele zikaanza kutazama ndege.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye ile mbuga, udongo mweusi, umekauka na kupasuka, pande zote miiba. Mara nikasikia *pu!* Kisha gari likaanza kuchechemea kama bibi harusi mwenye kiatu kimoja. Tairi la nyuma, kushoto. Pancha.

Nikazima. Jua limesimama utosini, wala halina haraka. Nikashuka, nikatazama tairi. Mwiba umeingia mrefu kama sindano ya ng'ombe.

Sasa fikiria na wewe. Mtu yeyote mwenye akili, kabla hajanyanyua gari, anasema: abiria shukeni. Mimi nitasemaje? Kwanza siruhusiwi kusema naye. Pili, hata ningeruhusiwa, kumwambia mama mkwe ashuke ndipo gari lipande, si ndiyo kumwambia kwamba yeye ni mzito? Unafikiri binti nitampata wapi baada ya hapo?

Nikakohoa. Kikohozi cha adabu, kile cha kubishia hodi. Kimya. Nikakohoa zaidi, mara tatu, mpaka kifua kikauma.

Nikasikia sauti nyuma ya blanketi. Nilishtuka nikagonga kichwa kwenye mlango. Mama mkwe anaongea! Lakini haongei na mimi.

"We jogoo," anasema, "huyo mtoto wa watu ameshikwa na kifua?"

Jogoo akanyamaza. Nikafikiri, nikaona njia. Nikageuka nikatazama mbuga, nikasema kwa sauti:

"Jogoo, mwambie mama kifua kizima. Tairi ndiyo gonjwa."

"Jogoo, mwambie atengeneze basi. Mjukuu wangu hajaogeshwa."

"Jogoo, mwambie mama nimesikia."

Yule jogoo alikuwa anatutazama mmoja mmoja, shingo inakwenda huku na huku, sijui naye alikuwa anajiuliza ameingia ukoo gani.

Basi nikasema, tani tatu ni tani tatu. Mama hafiki tani tatu. Nikatafuta ubao, nikauweka juu ya ule udongo jeki isizame, nikaweka jiwe mbele ya tairi la mbele. Nikalegeza nati. Nikaingiza ile nyekundu, tyu, tyu, tyu. Gari likapanda na mama ndani yake. Nikasikia anasema, "Mayu wee!" kama mtu anayepanda ngazi asizoziona. Nikatoa nati, nikatoa tairi, nikalilaza pembeni. Nikasimama nikaitazama jeki yangu, nikataka kuibusu.

Nikazunguka nyuma kuchukua tairi la akiba. Nikafungua kamba ya katani, macho nimeyafumba kwa heshima, nikapapasa. Gunia. Jogoo, akanidonoa. Tairi halipo. Nikapapasa tena. Halipo. Nikasimama pale, maana nilikumbuka. Asubuhi baba mkwe aliuliza mama atakalia nini, na mimi, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, nilisema: "Lipo tairi humo, linakaa vizuri kama kigoda."

Mama mkwe alikuwa amekalia tairi la akiba!

Nikamlilia jogoo. "Jogoo," nikasema, "mwambie mama... kile kigoda chake... tunakiomba kidogo."

Mama akainuka. Na alipoinuka akakanyaga upande wa kushoto, upande wangu, upande wa jeki. Nikasikia *shiiiii.* Kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikageuka. Ile nyekundu, ile tani tatu, inatokwa mafuta shingoni, inashuka. Inashuka taratibu, bila haya, kama mzee anayekaa mkekani. Nikairukia, nikapiga pampu kwa vidole vyote kumi. Ikapanda kidogo. *Shiii.* Ikashuka. Nikapiga. Ikashuka. Mwisho mafuta yakaruka yakanipiga usoni, gari likakaa chini, na ile ngoma ya breki, pale tairi lilipotoka, ikazama kwenye udongo. Jeki yenyewe ikabaki imebanwa huko chini, mafuta yametapakaa mekundu kama tumechinja.

Nilikaa chini. Nikatazama mbele: njia haina mtu. Nikatazama nyuma: njia haina mtu. Gari halina mguu. Jeki imekufa. Mama mkwe yuko ndani na jua linachoma bati. Nikamwona baba mkwe mbele ya macho yangu anamfungua yule ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Nikamwona binti anaolewa na mwalimu. Kwa nini mwalimu sijui, lakini nilimwona kabisa, ana baiskeli na kalamu mfukoni.

Nikasikia gunia linasogezwa. Mlango wa nyuma, kwaa. Gari likapumua likapanda. Mama mkwe ameshuka!

Nikavua shati nikajifunika kichwa. Ningefanya nini? Kichaka chenyewe ni miiba mitupu. Nikabaki kifua wazi, kichwa ndani ya shati, nasikia nyayo zinazunguka, zinakwenda mbali, zinarudi na kitu kinakokotwa. Nikasikia pumzi. Nikasikia jiwe linabingirika.

"Jogoo," sauti ikasema, na ilikuwa imenipa mgongo, maana ilitoka kwa mbali kidogo, "mwambie nimeweka gogo chini ya gari, na jiwe chini ya gogo. Tunang'oa visiki hivi shambani kila mwaka. Mimi nitakalia huku mwisho, natazama Segese. Yeye atazame Kahama, achukue kigoda chake hapo karibu yake, afunge tairi. Asigeuke."

Sijawahi kusikia mama mkwe wa mtu yeyote, kokote, akisema maneno mengi hivyo.

Akakaa kwenye gogo. Ndugu zangu, gari lilipanda! Halikupanda kwa tyu, tyu, tyu. Lilipanda mara moja, kama limeitwa. Jua lilisogea kidogo kulipisha. Na likikaa juu, limekaa. Halitetemeki. Mama ametulia kwenye gogo lake anatazama Segese, na tani zake za kweli, zisizoandikwa popote, zimeshika.

Nikaingia kwa kurudi nyuma, shati kichwani, napapasa. Tairi nikaliweka mara ya kwanza, mashimo yamekataa. Mara ya pili nikaliweka kwenye mguu wangu. Mara ya tatu likaingia.

"Jogoo, muulize, bado?"

"Jogoo, mwambie nati ya pili."

"Jogoo, mwambie gogo lina mwiba."

"Jogoo, mwambie mama pole sana."

Nati ya nne naikaza, nikasikia kengele ya baiskeli. *Kring.* Kisha kimya. Kisha *gubu!* Mtu ameanguka.

Nikachungulia kwenye tundu la kifungo. Alikuwa mtu wa kijiji kile kile cha ukweni, amebeba samaki wakavu wa kutoka ziwani, amelala mtaroni na samaki wote juu yake, macho yamemtoka. Na ukweli simlaumu. Anachokiona ni hiki: mama mtu mzima, mke wa mzee anayeheshimika, amekaa mwisho wa gogo kama mtoto anayecheza bembea, na mkwewe yuko uchi wa kifua chini ya gari, shati kichwani, wanaongea na jogoo.

"Salama huko?" nikamuuliza kutoka ndani ya shati.

Hakuokota hata samaki wote. Akapanda baiskeli akakanyaga kuelekea Segese, na mimi sijawahi kuona baiskeli ikitimua vumbi kama lori mpaka siku ile.

Mama nilimfikisha Kahama. Salama nilimfikisha. Lile jingine, heshima, nililiona likienda Segese kwa baiskeli.

Wiki haijaisha nikaitwa. Nikakuta uwanja umejaa wanaume, baba mkwe katikati, na shangazi aliyetapika pembeni, sasa mzima kabisa, hataki kukosa. Mama alikuwa amesharudi kwa lori la pamba. Alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, ili asinione.

Baba mkwe hakunisalimia. Nikasema shikamoo, ikaanguka chini. "Nilikupa mke wangu umbebe," akasema. "Wewe umemfanya jeki."

Nikapapasa vifungo vya shati langu, vyote vimefungwa.

"Ulivua shati mbele yake?"

"Nilivaa kichwani, baba."

Mtu akacheka, akakanyagwa mguu.

Mzee akaugeukia ukuta. "Wewe ndani. Huyu mtu umemwona?"

Sauti ikatoka: "Sijamwona. Nilimpa mgongo. Niliona Segese."

"Alisema nawe?"

"Sijui alikuwa anasema na nani. Mimi nilimsikia anasumbua jogoo."

Uwanja mzima ukapasuka. Hata baba mkwe akauma mdomo, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, nimepona! Nikaanza kunyanyuka. Na ndipo ile sauti ikatoka tena, na hakuna aliyeiuliza.

"Lakini simpi."

Kicheko kikakatika kama kamba. Mzee mwenyewe alishtuka, akageuka mzima mzima. "Humpi nini?"

"Mwanangu. Mtu anayechagua chuma kwa rangi, siku moja atachagua na mke wa pili kwa rangi. Mimi sikukasirika kukaa kwenye gogo. Nimekasirika kwamba alikuwa na jeki na haikufaa. Dukani zilikuwa ngapi?"

Nikautazama ukuta. Jogoo alishaliwa. Nikamwambia baba mkwe, "Mwambie mama zilikuwa mbili."

"Na hiyo nyingine?"

"Mbaya. Nyeusi. Ina kutu."

"Akailete."

Nikailete! Sikulala, sikula. Nilirudi Kahama, bosi akaniona tu akaingia ndani akatoka nayo imeshapanguswa vumbi, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikaifikisha ukweni kesho yake asubuhi. Mama akatoa amri kupitia ukuta: ghala lile kubwa la mtama, lile lililokaa juu ya mawe, linyanyuliwe upande mmoja, jiwe litolewe, jeki ibaki pale peke yake mpaka ng'ombe warudi. Ikishuka, nami nirudi nilikotoka.

Ghala limejaa mpaka juu. Mavuno ya nyumba nzima. Likianguka ni njaa, na mimi nitakuwa jina la kutishia watoto. Nikazungusha. Nikazungusha mpaka mikono ikaota malengelenge, kijiji kizima kimekaa kinaangalia kama ngoma ya mashindano. Ghala likalia, ngrii, likapanda. Jiwe likatolewa. Mama akamtuma binti, mchumba wangu mwenyewe, akakata bua la mtama likaingia sawasawa kati ya ghala na ardhi, akalisimamisha pale. Jeki ikishuka hata unywele, bua litapinda. Binti akanipita. Hakunitazama. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akalitazama lile bua mara mbili, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mpaka siku ile nilidhani ni mimi tu niliyekuwa na cha kupoteza.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Nilikaa mbele ya lile bua. Nzi akitua juu yake namfukuza asiongeze uzito. Kuku wakija kudonoa chini ya ghala nawabembeleza waondoke. Saa sita upepo ukavuma, ghala likasema *kaa*, mimi nikasema "Yesu!" na mganga wa kijiji aliyekuwa pembeni naye akasema "Yesu!" Jeki haikusema kitu. Imekaa tu pale, mbaya, ina kutu, kama imezaliwa chini ya lile ghala.

Ng'ombe wakarudi. Vumbi, kengele, harufu ya maziwa. Baba mkwe akapiga magoti, mzee yule, akalitazama bua kwa jicho moja. Akaligusa. Limesimama wima.

"Limekaa," akasema.

Wote tunautazama ukuta.

"Basi amchukue," ukuta ukasema.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani Geita waliinuka wakauliza kuna nini. Shangazi akaanguka kwa furaha, safari hii bila petroli. Mimi nikaenda nikapiga magoti kwenye jeki nianze kuishusha, nirudishe jiwe.

"Aache hapo hapo," sauti ikasema. "Hilo jiwe siku zote lilikuwa bovu, panya wanapita. Hiyo imeshika. Isiguswe."

Nikamtazama baba mkwe. Baba mkwe akatazama pembeni. Nani angebisha?

Kwa hiyo nilimtoa mke wangu ukweni kwenye gari lisilo na jeki, kupitia ile ile mbuga yenye miiba. Alikaa mbele na mimi, hakuna blanketi, amejipaka mafuta anang'aa. Nikaendesha kwa kukwepa kila kijiti, mpaka mbuzi wakatupita, mpaka mtu wa miguu akatupita akitusalimia.

"Mbona polepole hivi?" akaniuliza. "Wanasema madereva mnakimbia."

"Nataka watu wakuone," nikamwambia.

Akafurahi. Nilimwacha afurahi mpaka tulipoyaona mabati ya Nyahanga, mtaa wa pale Kahama, ndipo nikamwambia hatuna jeki nyingine, mwiba mmoja tu tumekwama. Akashuka, gari likiwa bado linatambaa, akanyoosha vitenge vyake, akasema twende hivyo hivyo, yeye atatembea mbele akiokota miiba. Na ndivyo bibi harusi wangu alivyoingia nyumbani kwangu, kwa miguu, mikono imejaa miiba, na mimi nyuma yake namfuata na gari.